Kwa yule mjuaji wa Forodhani: kiatu cha mwenzio hakikunjwi mbele za watu!

Nyayo_Wazi: Simtaji jina. Nyote mnamjua, na sasa hivi yumo humu anasoma. Leo alasiri kaokota kiatu changu chembamba cha kupandia skeitibodi, kakikunja kama chapati mpaka ncha ikagusa kisigino, akasema: "Yakhe, hii soksi." Vijana wa makachu wakaacha kuruka baharini waje watazame. Kakikunja! Halafu kakikunja tena kwa ajili ya waliochelewa!

Kiatu chembamba kinakunjika kwa sababu ndivyo kilivyoshonwa. Soli milimita 4 mpaka 6, kisigino na vidole kimo kimoja, mbele papana vidole vitanuke. Ukisimama juu ya ubao unausikia msasa uliobandikwa juu yake, unausikia mkia, ile ncha ya nyuma, unapoanzia kuinuka, hutazami chini. Yeye na lile buti lake, akitaka kujua kama yuko juu ya ubao lazima aulize waliokaa ukutani.

MsasaMkavu: Pole sheikh, ila kasema kweli kwa ufedhuli. Kwa kuteleza tu, chembamba raha. Kwa oli, yaani kuruka pamoja na ubao bila kuushika, hakuna kitu hapo. Oli unaupiga mkia chini, halafu unaukwangua ubao kwa ubavu wa kiatu cha mbele, pale penye kidole kidogo. Msasa ule ni chembe za silikoni kabaidi, na kitambaa cha wavu hakihimili. Ndiyo maana viatu vya kazi hii vinawekwa ngozi ya swedi pale pale.

Nyayo_Wazi: Nani kauliza oli? Mie nazungumzia KUKUNJWA.

BintiMkunazini: Nilikuwepo. Hakikugusa kisigino, kiligusa katikati. Tusizidishe 😂

Na oli si tatizo kubwa, kisigino ndicho. Ruka ngazi kadhaa, utue kwa kisigino na soli ya milimita 5, utachechemea wiki nzima na watu hawaoni hata uvimbe wakuonee huruma. Miguu itue juu ya boliti za ubao, pale zinaposhika ekseli, magoti yamelegea. Kata kipande cha sponji nzito ukitie chini ya kisigino tu. Ukitandika mguu mzima mbele panabana, basi ulinunua kiatu kipana cha nini?

FundiKaranga: Ubavu unatiwa kiraka. Chukua swedi ya kiatu kibovu cha mtumba, kata kipande cha upana wa vidole vitatu. Kwangua upande wa ndani wa ngozi na ubavu wa kiatu, futa vumbi. Paka gundi ya viatu pande zote mbili, nyembamba. Wengi wanabandika hapo hapo, ndiyo maana vinabanduka! Ngoja kama dakika 10, ukigusa isikushike kidole, ndipo ubandike, ugonge kwa nyundo, ulaze mpaka kesho. Tyubu ya baiskeli usitie, mpira unang'ang'ania msasa na mguu hautelezi.

Nyayo_Wazi: Ahsante fundi. Lakini mara mbili, jamani. Mara MBILI.

Chake_Mteremko: Nyie Unguja kwenu tambarare, mnadekea viatu. Huku Pemba kila njia mlima, na breki ni mguu wa nyuma kuburura lami. Soli ya milimita 4 unaanza nayo juu, chini unafika na kamba.

MsasaMkavu: Huko kwenu si soli tu, vipi beringi? Zangu chumvi imezila zote.

Chake_Mteremko: Usinikumbushe! Mchanga kidogo tu zinalia mtaa mzima unajua unapita.

BintiMkunazini: Ng'oa kifuniko kwa pini, zitie kwenye spiriti, zitikise, zikaushe kabisa kabla ya mafuta. Halafu tone moja la mafuta ya cherehani. Mkizimwagia kama mnakaangia bagia, mafuta yanakamata mchanga.

MsasaMkavu: Na magurudumu? Yangu ya ugumu wa 99A, vichochoro vya Mji Mkongwe vinanitoa meno.

FundiKaranga: 99A ni magumu, ya sakafu nyororo. Vichochoroni tafuta laini zaidi, 78A, kipenyo milimita 58 au 60, na utie vipande vya kunyanyulia chini ya ekseli, la sivyo ukikata kona gurudumu linagusa ubao unarushwa.

Chake_Mteremko: Beringi mpya wapi basi?

BintiMkunazini: Duka lolote la beringi. Sema namba 608, tundu milimita 8, nje 22. Usitaje skeitibodi, utauziwa kwa bei ya mtalii.