Nimebakiza miezi 8 nitoke jeshini, nisomee weldi, umeme au AC? Naombeni ushauri

Sajini_Karakana

Wakuu habari zenu. Niko jeshini mwaka wa 14 sasa na miezi 8 ijayo narudi uraiani mazima. Muda wote huo nimekaa karakana, magari makubwa ya dizeli, majenereta, na weldi kidogo ya kubandika pale panapopasuka. Kwahiyo sio kwamba spana naiona kwenye picha, nimeishi nayo.

Kilichonistua ni wiki iliyopita nilienda kuulizia kazi kwa jamaa mmoja ana kampuni ya majenereta, nikamweleza vizuri tu nimefanya hii kitu miaka 14, akanisikiliza mpaka mwisho halafu akaniuliza swali moja, "sawa afande, nani amesaini?" Nikabaki natoa macho. Hakuna aliyesaini kaka, jeshini injini ikiwaka kazi imeisha.

Sasa kuna chuo binafsi kinasema wiki 12 natoka welda kamili na kazi wananitafutia wao ila ada yote nilipe siku ya kwanza. Wife yeye anasema achana na vyuo, kiinua mgongo kikitoka fungua karakana yako uwe bosi. Mwenzangu mmoja anasema AC na mafriji ndio kwenye hela. Mimi nina miaka 36, goti la kulia bovu na sikio la kushoto linapiga filimbi tangu zamani. Nishike kipi? Natanguliza shukrani.

RodiMoja

Mkuu karibu uraiani, nilitoka kama wewe nina miaka 12 kwenye weldi sasa.

Wiki 12 zinatosha au hazitoshi inategemea wanakutoa ukiwa unaweza nini. Kuunga bamba mbili zimelala mezani hata mwezi mmoja unatosha, ukiwa na mkono mzuri. Ila mshahara wa maana uko kwenye paipu, na tesiti ambayo kila mtu anaiulizia ni 6G, paipu inafungwa imeinama nyuzi 45 na haigeuzwi, wewe ndio unaizunguka, juu, ubavuni, chini kabisa kichwa kikiwa kimepinda kama unatafuta kitu chini ya gari. Ukimaliza wanakata vipande pale kwenye maungio wanavikunja kwenye mashine mpaka viwe kama herufi U, pakipasuka zaidi ya inavyoruhusiwa umefeli, hakuna kubembelezana. Mimi ya kwanza nilifeli, weldi yangu kwa nje nzuri inang'aa mpaka wenzangu wanapiga picha, ilipokunjwa ikafunguka kwa ndani maana rodi ya mzizi, ile ya kwanza kabisa ya ndani, haikushika upande mmoja. Nilikuwa nakimbia. Jeshini nilizoea kazi ya "gari liondoke saa 11", weldi ya tesiti haijali gari lako linaondoka saa ngapi.

Kwahiyo nenda pale chuoni uliza maswali mawili tu, natoka na tesiti ya mkao gani (yaani paipu imekaaje, kama hiyo 6G), na anayekagua ni nani, mwalimu wenu au mkaguzi wa nje? Wakianza kukuonyesha majengo, ondoka.

Kingine watu hawasemi, cheti cha weldi hakikai milele kabatini. Kwenye viwango vingi, vya Wamarekani kwa mfano, ukikaa miezi 6 bila kuchoma kwa njia ile uliyofanyia tesiti kinakufa, unarudia. Kwahiyo ukisoma leo halafu kazi ipatikane mwakani umechoma hela pamoja na rodi.

Goti sasa, sikufichi, nusu ya hii kazi iko magotini. Na grenda na lile sikio lako hawatapatana, vaa vizibo masikioni kila siku hata wakikucheka.

fezi_tatu

Mimi niko umeme. Mwanajeshi wa majenereta ndio mtu ninayemuogopa zaidi saiti, samahani kusema. Anajua umeme unavyotoka kwenye jenereta kwahiyo anadhani anajua unavyoishi kwenye jengo. Ni vitu viwili. Dogo ambaye hajui kitu anauliza, huyu haulizi, anafungua boksi.

Njia ya umeme ni ndefu, uanagenzi wake, yaani kujifunza kazi chini ya fundi, sehemu nyingi unakwenda miaka 4 mpaka 5. Marekani kawaida wanahesabu kama masaa 8000 ya kazi na darasani si chini ya masaa 144 kila mwaka, ndio unakuwa fundi kamili. Ila mwanagenzi analipwa tangu siku ya kwanza na mshahara unapanda kadiri masaa yanavyopanda, sio kama chuo ambako wewe ndio unalipa.

Sasa huyo jamaa aliyekuuliza nani amesaini amekupa ushauri wa bure bora kuliko wetu wote humu. Una miezi 8. Kabla hujarudisha vifaa stoo, kaa chini na vitabu vya kazi vya karakana, toa kila kazi uliyofanya, masaa, aina ya mashine, mkuu wako wa karakana asaini kila ukurasa. Siku ukishatoka getini ile saini utaitafuta miaka. Na usiandike kijeshi, "nilikuwa NCO wa matengenezo kombania fulani" raia hajui hiyo ni nini. Andika nimefungua jenereta ya kVA 60 nikabadilisha AVR (kile kifaa cha kutuliza volti), nimekalibrisha nozeli, nimefunga swichi ya kubadili laini. Majina ya vikosi, maeneo na zana acha nje kabisa, hutaki maneno na watu wa usalama wiki yako ya mwisho. Sehemu ambazo wana mpango wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, karatasi kama hizo ndio wanaanza kuziomba, halafu wanakupa tesiti ya vitendo, unaweza kurukishwa hata mwaka mzima wa kusoma vitu unavyovijua.

kombati_kuukuu

Afande swali moja tu, utavumilia dogo wa miaka 22 akuite "we mzee lete ngazi"?

Sajini_Karakana

@kombati_kuukuu hilo ndilo linanikosesha usingizi kuliko goti 😅 nimeongoza watu 30 mimi

DadaSpana

Ngoja nilijibu hilo maana limenipitia. Nilikuwa mawasiliano jeshini miaka 9, nikatoka nikaingia AC na mafriji kama saidia fundi, fundi wangu nilimzidi miaka 8. Mwezi wa kwanza nilikuwa nalia bafuni sio kwa ajili ya kazi, ni kwa ajili ya kuambiwa "umekosea" na mtu ambaye kamba za viatu hajafunga. Ikaja siku moja akaniambia nivute vakyumu kwenye AC, yaani ninyonye hewa na unyevu wote, kabla ya kuweka gesi, niache pampu ifanye kazi mpaka geji ishuke inapotakiwa halafu nifunge nisubiri nione kama sindano inapanda. Nikaona anazunguka, nikavuta dakika chache, nikaweka gesi, ikapoa vizuri, nikajiona mjanja. Baada ya wiki kadhaa kompresa ikafa. Unyevu ulibaki ndani ya paipu ukachanganyika na oili ukawa asidi, ukala nyaya za mota ndani ya kompresa. Yule dogo akaifungua akaninusisha ile oili, ilikuwa chungu puani na nyeusi, hakusema neno. Kuanzia siku hiyo nikamwita fundi.

Na nililipa ile kompresa kidogo kidogo kwenye mshahara. Jeshini ukiharibu unapigiwa kelele halafu stoo wanakupa nyingine. Na hapo ndipo nataka shemeji anielewe, hiyo karakana mnayotaka kufungua na kiinua mgongo. Kaka umefanya miaka 14 hujawahi kumwambia mtu bei! Hujawahi kununua spea kwa hela yako, hujawahi kukopwa, mteja hajawahi kukuambia "fanya kwanza tutaongea". Ufundi unao, ila ufundi na biashara ya ufundi ni ndugu wa mbali. Fanya kwa mtu kwanza, angalau mpaka uone mwaka mzima jinsi kazi zinavyokuja na kupotea, hasa AC, miezi ya joto simu haipumui, ikija baridi unakaa unafuta spana. Hela iweke mahali ambapo hata wewe unapata tabu kuitoa.

AC kwa goti lako afadhali kuliko weldi ila kuna ngazi na paa, usidhani ni kukaa.

mzee_wa_saiti

Mimi niko upande wa kuajiri, nimepokea wanajeshi wengi tu. Mazuri yao yanajulikana, saa 12 kasoro mtu yuko getini, kofia kavaa, na ukimwambia ukizima breka weka kufuli yako na ufunguo ukae mfukoni kwako mpaka umalize, anaweka. Raia namwambia mara 10. Kwa mambo ya usalama nikipewa wawili nachukua mjeshi.

Ubaya wao ni mmoja, kusema "sijui" hawawezi. Nilikuwa na mmoja, mtu mzima ana heshima zake, nikamuuliza umewahi kuunga bomba la shaba akasema ndiyo, nikamwacha. Narudi mchana jointi 16 zimechomwa moto mpaka shaba imekuwa nyeusi, risasi ya kuungia imemwagika chini kama nta ya mshumaa, ndani haikuingia. Angesema sijui ningemwonyesha kwa dakika 5, pasha ile soketi sio risasi, shaba ikishapata joto la kutosha inaivuta risasi yenyewe ndani. Tulikata zote. Sikumfukuza, lakini tangu hapo nikiwapokea nawaambia, hapa hakuna anayepoteza cheo kwa kuuliza.

Wewe kwa miaka 14 ya dizeli na majenereta sioni kwanini unakimbilia weldi. Mtu anayejua injini NA akaongeza karatasi ya umeme ni adimu, mahospitali, minara ya simu, wote wanataka jenereta iwake umeme ukikatika saa 8 usiku.

mpekuzi_wa_mambo

Nachangia upande wa hicho chuo cha wiki 12, maana hii hadithi ni ya zamani kuliko sisi. Marekani mwaka 1944 walipitisha ile sheria ya kuwasomesha wanajeshi waliotoka vitani, GI Bill. Watu huwa wanakumbuka waliokwenda vyuo vikuu, kama milioni 2.2, lakini waliokwenda kwenye ufundi, kilimo na mafunzo ya kazini walikuwa zaidi ya milioni 5, mara mbili na ushee. Serikali ilikuwa inalipa ada moja kwa moja kwa shule, basi si unajua binadamu, vikaota vishule vya ufundi kama uyoga, vingine havina hata mashine, wanafunzi wanajaza madaftari tu na hela inaingia. Mpaka Bunge likachunguza, na sheria mpya ya 1952 hela ikawa inapewa mwanajeshi mwenyewe, akilipa ada yeye angalau anauliza anapata nini. Kwahiyo ukiona "lipa yote siku ya kwanza na kazi tunakutafutia" jua mbinu hiyo ina miaka zaidi ya 70.

Siku hizi wana mpango unaitwa SkillBridge, mwanajeshi ndani ya siku zake 180 za mwisho anaruhusiwa kwenda kujifunza kazi kwa mwajiri huku jeshi bado linamlipa, mkuu wake akikubali. Na chama chao cha mafundi bomba, UA, kina kozi ya wiki 18 kwa wanaotoka jeshini, weldi ya paipu ikiwemo. Ni wiki 18 tu lakini angalia tofauti, anayemaliza haachwi mtaani, anaingizwa moja kwa moja kwenye uanagenzi wa miaka 5. Yaani ile kozi fupi ni mlango, sio nyumba. Hata kama jeshi lako halina mpango wenye jina, hakuna ubaya kumuuliza mkuu wako kama likizo zilizobaki unaweza kuzilaza karakana ya raia.

RodiMoja

@mpekuzi_wa_mambo "mlango sio nyumba" naiiba hiyo

@Sajini_Karakana nakubaliana na mzee wa saiti, baki na majenereta, weldi ifanye iwe ya pembeni. Nasema hivyo na mimi ni welda, sifaidiki kitu.

Sajini_Karakana

Wakuu narudi na mrejesho. Leo nimekwenda pale chuoni nimeuliza yale maswali mawili ya RodiMoja. Mkao gani? Akasema "yote". Nani anakagua? "Mwalimu mkuu mwenyewe." Nikaomba kuona karakana nikaonyeshwa mashine 3 za weldi za wanafunzi 40, moja haina kebo. Nikaaga vizuri.

Wife nimempa simu asome ya DadaSpana, kasoma kimya, kisha kaniuliza "kwani wewe hujawahi kumwambia mtu bei kweli?" Karakana imesogezwa mbele.

Na yule jamaa wa majenereta nimempigia, nikamuuliza likizo yangu ya siku 30 naweza kuja kufanya na mafundi wake bila malipo, kasema njoo na viatu vya usalama. Tatizo limebaki moja, vitabu vya karakana vipo vya miaka 6 tu ya karibuni. Vya nyuma tulihama kambi vikanyeshewa vikatupwa. Miaka 8 imepotea hivyo?

fezi_tatu

Haijapotea. Aliyekuwa mkuu wako wa karakana miaka ile yuko hai?

Sajini_Karakana

Yupo, alistaafu, yuko kwao analima.

fezi_tatu

Mfuate, usimpigie, mfuate. Mwandikie orodha kabisa, mashine gani mwaka gani kazi gani, akisoma atakumbuka, mwingine atakuongezea hata ulizosahau wewe. Asaini, aweke cheo chake cha mwisho na namba yake ya simu. Fanya nakala 3. Na mpelekee kitu mkononi, usiende na karatasi tu.