Naomba ushauri: utenzi wangu umekwama kwa kukosa muda

Ndugu zangu, asalaam aleikum. Naomba msaada wa mawazo kwa wanaotunga huku wakifanya kazi.

Ninaishi Likoni, nami ni karani wa hati za forodha karibu na bandari ya Kilindini, ambako huingia saa mbili asubuhi na mara nyingi hutoka baada ya magharibi. Tangu Ramadhani iliyopita natunga utenzi wa kumkumbuka marehemu nyanya yangu, aliyenilea. Nimefika ubeti wa 43, na ni miezi miwili sasa sijasonga.

Nimejaribu kuamka kabla ya alfajiri, lakini mtoto wetu mchanga huamka nami, na sitaki kumwachia mke wangu mzigo wote. Nimejaribu pia kutunga nikiwa ndani ya feri. Kwa shairi fupi ingefaa. Lakini katika utenzi kila ubeti una vipande vinne vya mizani 8, na kina cha kipande cha mwisho hakibadiliki tangu mwanzo hadi tamati, kwa hivyo nikikaa siku kadhaa bila kuandika hunibidi nisome beti zote upya nisije nikarudia maneno, na muda huishia hapo hapo.

Je, ni afadhali nitenge dakika chache kila siku, au nijiwekee asubuhi moja ndefu ya Jumapili? Na mnahifadhi vipi vina mlivyokwisha kuvitumia, ili mkirudi muendelee pale mlipoachia?