Kesho kutwa napasuliwa ngiri, usingizi umenikimbia

Mama Wawili: Jamani, kisu hakinitishi. Ni hiyo nusu kaputi. Nikizinduka katikati je?

Nesi wa Zamu: Pole dada. Mtaalamu wa usingizi hakuchomi sindano akaondoka. Anakaa upande wa kichwa chako muda wote, macho kwenye mashine ya mapigo na oksijeni, akiongeza dawa inapohitajika. Muulize mwenyewe kabla, na umtajie mzio wako. Kwa kawaida chakula huachwa angalau saa 6 kabla, maji matupu saa 2, ila fuata utakavyoambiwa.

Babu Goti: Mimi nilizinduka na mpira wa oksijeni puani, nikadhani nakufa! Hakuna aliyenitajia. Uliza utaamkaje.

Mama Wawili: Hilo la mpira sikuliwaza, babu. Nachukua kalamu.