Tupeane uzoefu: gemu la kuzurura na gemu la stori, lipi lilikumeza mpaka ukasahau kula?

Chalii wa Sakina
Wakuu, habari za Jumapili. Juzi mdogo wangu kaja na PS4 ya kuazima, ndani kuna Skyrim. Lile la 2011, mnalijua: unazinduka mikono imefungwa, uko kwenye mkokoteni, mnapelekwa kukatwa vichwa, mara joka linatua juu ya mnara. Nikatoroka. Nikaambiwa nenda kapeleke taarifa ya joka.

Sikwenda. Niliona kipepeo nikamfuata. Kipepeo akanifikisha mtoni, mto ukanifikisha kwenye pango, humo nikaokota masufuria na mapanga mpaka nikazidiwa mzigo, natembea kama nimebeba gunia la viazi. Saa saba usiku maza anagonga, "we hujalala?" Joka linachoma nchi huko, mimi nachuma maua.

Ndipo nikakumbuka The Last of Us. Lile halikupi hata nafasi ya kushangaa kipepeo. Linakushika mkono, linakupeleka linakotaka lenyewe, linakuumiza, basi. Nikajiuliza, wapi nilikuwa ndani zaidi? Tiririkeni.

Ndizi Mshale
Skyrim. Sina maelezo.

Binti Kaloleni
Na mimi nilidhani niko peke yangu. Mimi kule nilijenga nyumba, nikaasili watoto wawili, nikawa nakata kuni nauza. Mume nilimpata, ila mvivu. Nilicheza likizo nzima na lile joka kubwa sikuwahi kupigana nalo. Kaka yangu akipita nyuma anauliza "umeshaokoa dunia?" namjibu bado, watoto hawajala.

Mgumu wa Marangu
Ninyi mnaongelea vipepeo. Mle ndani kuna mlima, juu wanakaa wazee wanaofundisha kupiga kelele. Wanakwambia ngazi 7,000. Nilizihesabu, hazifiki hata robo. Na unapanda unakimbia! Mimi nabeba mizigo ya wageni Kilimanjaro, ukitoka Horombo kwenda Kibo unahesabu pumzi, siyo ngazi. Hakuna kichwa kuuma, hakuna mgeni anatapika.

Ila nitasema ukweli. Nilipofika juu usiku, theluji inapeperuka na ule muziki wao wa taratibu, nilivaa sweta. Niko Moshi, mwezi wa pili, jasho linatoka, nimevaa sweta.

Chalii wa Sakina
Hahaha, mgumu umeniua.

Mzee wa Pedi Moja
Naomba kusahihisha. Mleta uzi umechanganya mambo. The Last of Us siyo RPG, yale ya kumkuza mhusika wako utakavyo kama Skyrim, ni gemu la stori la kawaida. Ulinganishe na Witcher 3.

Kaka wa Pasua
Witcher 3 nayo ni ya kuzurura, mzee. Unamtafuta binti yako wa kulea, nchi nzima vita, halafu mwenye baa anakwambia tucheze karata, unakaa siku tatu unacheza karata.

Mzee wa Pedi Moja
Ndiyo maana nasema lina vyote viwili. Yule baroni mnene aliyempiga mkewe mpaka mimba ikatoka, ile ni stori. Sikupata usingizi. Wapolandi wale wanajua kuandika.

Kaka wa Pasua
Mimi nakumbuka farasi tu. Nampigia mluzi, anatokea juu ya paa.

Loshoro Baridi
Nyote watoto. Dunia wazi yetu ya kwanza ilikuwa GTA San Andreas, 2004, PS2, kwenye kibanda cha mbao Ngarenaro. Hakuna aliyejua stori. Kiingereza cha wale jamaa nani angekisikia? Kodi za kubonyeza upate silaha (siyo za mapato) tuliziandika nyuma ya daftari la Jiografia. Unalipia nusu saa, unaitumia yote kumlisha CJ, yule jamaa wa kwenye gemu, piza mpaka anenepe, watu kumi nyuma yako wanacheka. Memori kadi alikuwa nayo mwenye kibanda, kila mtu anasevu humo humo. Siku moja nimefika mbali, nimeshanunua nyumba, naja kesho yake mtu kasevu juu yangu. Nilimjua. Alikuwa anakaa dawati la mbele yangu. Mpaka leo tukikutana stendi simsalimii vizuri.

Ndizi Mshale
Ya memori kadi naiunga mkono kwa machozi.

Apolo Mstaafu
Mimi si mwandishi, mnisamehe. Nimeusoma uzi huu nikaona niseme kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu.

Mwaka 2019 nilikuwa nacheza Red Dead Redemption 2, nimepanga chumba huku Unga Limited. Braza wangu alikuwa ametoka Mirerani, machimboni, miaka kumi na kitu ameishi chini ya ardhi. Alianza utotoni kama nyoka, wale wa kupenya kwenye vishimo vidogo. Amerudi apumzike kidogo, anasema vumbi limemchosha. Analala kitandani, mimi nimekaa chini nacheza, yeye anaangalia.

Basi yule jamaa wa kwenye gemu, Arthur, ametumwa kudai deni. Anamkuta mdaiwa mgonjwa, anampiga, mdaiwa anamkoholea damu usoni. Nikaendelea zangu, naiba farasi, nawinda paa. Sikufikiria. Baadaye sana Arthur anaanza kukohoa. Yuko kwenye farasi, anakohoa. Yuko kambini, anakohoa. Siku hiyo akaanguka barabarani, akapelekwa kwa daktari, akaambiwa ni kifua kikuu. Mwaka 1899, hakuna dawa.

Sasa wakuu, kikohozi cha kwenye spika na kikohozi cha kitandani vilikuwa vinapokezana. Nilipunguza sauti ya TV. Kikohozi kikaendelea. Niligeuka, braza ameshika leso ameikunja, ameificha chini ya paja. Nikamwambia fungua. Akasema "cheza gemu lako". Nikamwambia fungua braza.

Nilizima gemu bila kusevu.

Binti Kaloleni
Jamani. Endelea.

Mr Hesabu
Chai hii, na vitumbua viwili.

Mgumu wa Marangu
Wewe Mr Hesabu una ndugu mwanaapolo, mchimbaji wa Mirerani? Kama huna, kunywa hiyo chai yako kimya.

Mr Hesabu
Nimesema tu imekaa kisinema. Kikohozi kinapokezana na spika?

Loshoro Baridi
Mjomba wangu kaishia hivyo hivyo Mirerani. Walisema amerogwa na mwenye kitalu. Lilikuwa vumbi la mawe na TB juu yake.

Mama Wawili Njiro
Sichezi gemu, nimeingia kwa sababu ya kichwa cha habari. Yeyote mwenye kikohozi cha wiki mbili aende akapimwe makohozi. Dawa za TB hazilipiwi. Miezi sita, usiruke siku.

Kaka wa Pasua
Na asali na tangawizi.

Mama Wawili Njiro
Asali weka kwenye mkate, kaka yangu. Akapimwe.

Mzee wa Pedi Moja
Pole sana mkuu Apolo. Ila kwa kumbukumbu, Red Dead nayo siyo RPG.

Ndizi Mshale
Huyu mzee atoke.

Elimu Bure
Tukirudi kwenye mada, naomba ushauri. Nimeanza Elden Ring, natoka tu mlangoni nakutana na jamaa wa dhahabu juu ya farasi. Nimekufa mara 14. Nifanyeje?

Kaka wa Pasua
Mpite mbali kama unavyompita trafiki ukiwa huna leseni. Dunia ni pana, rudi ukishapata nguvu.

Loshoro Baridi
Usimkimbie. Mimi nilimpiga usiku mzima mpaka akalala. Ukimkwepa wa kwanza utawakwepa wote.

Ndizi Mshale
Uza gemu, nunua la mpira.

Chalii wa Sakina
Apolo, umetuacha njiani. Braza yukoje?

Apolo Mstaafu
Samahani, nilikuwa kazini. Kwa Mr Hesabu, sina cha kukuthibitishia, amini au acha.

Alipimwa, akakutwa nayo, akapelekwa Kibong'oto, hospitali ya TB. Alimaliza dawa. Mapafu hayajarudi yalivyokuwa, kile kilima cha Sanawari anakipanda kwa vituo, lakini yupo. Anauza mbogamboga soko la Kilombero.

Kuhusu swali la mleta uzi. Nilimsimulia mwisho wa Arthur, kwamba anakufa hata ufanyeje. Akanyamaza. Wiki hiyo hiyo akaniambia nimwanzishie la kwake. Stori haisongi mpaka uende kwa yule mdaiwa mgonjwa. Alama yake iko kwenye ramani, inakusubiri, na usipokwenda hakuna anayekusukuma. Braza anajua iko wapi. Jioni akifunga meza anakuja, anashika pedi, anapanda farasi anaelekea upande mwingine, mtoni, anavua samaki. Mwaka wa pili huu anavua samaki. Arthur wake hajakohoa hata mara moja.

Binti Kaloleni
Msalimie sana.