Naomba ushauri: mashine ya santuri ya bei ya kati kwa ajili ya nyumbani

Habari zenu wakuu. Nimerithi santuri za marehemu baba na nataka zisikike tena hapa nyumbani Dar. Nyingi ni zile ndogo za inchi 7, mizunguko 45 kwa dakika, za rumba, benga na dansi. LP, zile kubwa za mizunguko 33, ni chache. Bajeti yangu haizidi milioni moja na nusu.

Nimebaki na mashine mbili za kuchagua. Rega Planar 1 nimeambiwa ina sauti tamu, lakini sahani yake inazungushwa kwa mkanda, na kutoka 33 kwenda 45 lazima uinue sahani uhamishe mkanda kwa mkono. Kwa mtu wa santuri ndogo kama mimi, naona hiyo ni kero ya kila siku. Audio-Technica AT-LP120X unabonyeza kitufe tu, mota inazungusha sahani moja kwa moja, na ina fono ya ndani (kikuza sauti cha sindano), kwa hiyo naichomeka kwenye amplifaya yangu bila kununua kifaa kingine. Moyo unaelekea huko.

Ninachoomba hasa kwa mliozitumia: sauti ya Rega ni nzuri kiasi cha kufidia ile kero ya mkanda? Sindano za akiba mnazipata wapi hapa nchini bila kupigwa bei? Na santuri zenye vumbi la miaka mnazisafishaje? Baba aliandika jina lake kwa kalamu ya wino kwenye lebo nyingi, sitaki maji yalifute.