Sarafu za Tanzania zenye wanyama: zipi hizo, na kutu inatoka wapi?

Mwl_Temeke: Wakuu, naandaa seti ya sarafu zetu zenye wanyama kwa klabu ya mazingira shuleni. Ninazo swala wa 100, simba wa 200 na nyati wa 500. Zipi zinakosekana? Na mbona ile ya 100 imeota kutu ukingoni?

SarafuKongwe: Tafuta tembo na mtoto wake (20) na faru na mtoto wake (50), zote zina pande saba. Za zamani, toleo la 1966: sulisuli kwenye senti 5, mbuni kwenye senti 20, sungura kwenye senti 50. Pundamilia wa senti 10 alikuja 1977. Senti 5 ya pande kumi na mbili ndiyo nzuri kuliko zote; tazama pezi la mgongoni la yule samaki lilivyotanda.

Kkoo_Shaba: Kuhusu kutu: hiyo 100 ni chuma kilichopakwa shaba ya manjano. Igusishe sumaku, itanasa. Pako likikwaruzika, hewa ya chumvi ya Dar inakula chuma cha ndani. Usisugue wala usitie ndimu, utamaliza pako lililobaki. Suuza kwa maji yaliyotoneshwa, gusiagusia kwa kitambaa laini, ikauke kabisa.

SarafuKongwe: Naongezea: albamu za plastiki laini ya PVC zinaacha utando wa kijani, hasa kwenye senti 5 za shaba. Tumia bahasha ndogo za karatasi isiyo na asidi, na vipakiti vya kunyonya unyevu. Shika ukingo, si uso.

Mwl_Temeke: Asanteni sana. Naanza na faru.