Mnaofuta majina ya mitaa ya Dodoma kwenye ramani, acheni!

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Kuna akaunti imepita Dodoma nzima kwenye OpenStreetMap, ile ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuihariri, ikifuta majina yetu na kuweka ya Kiingereza. Kikuyu Kusini imekuwa "Kikuyu South". Viwandani imekuwa "Industrial Area". Hombolo Bwawani, kata kabisa yenye ofisi na mtendaji wake, eti "Hombolo Dam"! Sababu aliyoandika: kuwasaidia wageni. Wageni gani wa kusaidiwa kwa kumfutia mwenyeji jina la kwake?

Na hapakuwa na haja ya kufuta chochote. Kila mahali kwenye ramani hiyo pana sehemu za kujaza. Sehemu ya name ni ya jina linalotumika pale pale mahali, lile la kwenye kibao na mdomoni mwa konda. Kiingereza kina name:en, Kiswahili kina name:sw. Programu nyingi za ramani huangalia simu imewekwa lugha gani. Zikikuta jina la lugha hiyo huonyesha hilo, zisipolikuta hurudi kwenye name. Yaani huyo mgeni angeona Kiingereza chake bila sisi kuguswa. Sasa name imefutwa na name:sw hakuweka, bodaboda akitafuta Kikuyu Kusini hapati kitu.

Wengine wanabandika yote pamoja kwa mkwaju, "Viwandani / Industrial Area". Nayo siyo. Kompyuta itajuaje kama mkwaju huo unatenganisha lugha au ni sehemu ya jina?

Kinachoniuma zaidi ni majina ya lugha ya Kigogo. Kata ya Ng'hong'honha imenyolewa mpaka ikawa "Nghonghona". Ng' na ng ni sauti mbili tofauti, mtoto wa darasa la kwanza anajua. Kama wapo wanaoandika Ng'ong'ona, waiweke kwenye alt_name, sehemu ya jina mbadala, anayetafuta ataipata. Kigogo chenyewe kina msimbo wake wa lugha wa herufi tatu, gog, kwa hiyo name:gog ni halali kabisa. Kirangi cha Kondoa ni lag, Kisandawe cha Chemba ni sad. Wazee wa huko wana majina ya vilima na makorongo ambayo hayapo kwenye karatasi yoyote. Nafasi ya kuyahifadhi ipo tayari, halafu mtu anakuja kuharibu hata haya machache yaliyokwisha kuingizwa!

Mabadiliko ya mkupuo namna hii yanatakiwa yajadiliwe kwanza na wachoraji wa eneo husika. Hakuna aliyeulizwa. Nimemwandikia pale pale kwenye mabadiliko yake, kimya, na kata nyingine zikaendelea kubadilika.

Historia ya kila badiliko hubaki, kwa hiyo yote yanarudishika. Kiingereza chake tukihamishie name:en, hakuna anayekikataa. Viwandani na Kikuyu zote mbili, Kaskazini na Kusini, nazirudisha mimi. Mlioko Nzuguni, Ihumwa, Mtumba na Hombolo, angalieni kwenu, na pigeni picha kibao cha ofisi ya kata kabla ya kurekebisha, maana huyu akibadilisha tena tunataka ushahidi uwe mkononi.